Redio za maafa zisingoje maafa ndipo ziwashwe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako tuzungumze na kamati za usimamizi wa maafa za wilaya, hasa za mwambao kuanzia Mkinga mpaka Mtwara, na pia na vijana wanaouliza namna ya kujitolea na redio wakati wa mafuriko na vimbunga. Sisi ni waendeshaji wa redio za ridhaa wenye leseni, yaani tunaorusha mawasiliano ya redio kwa mapenzi yetu, si kwa biashara. Tunalolalamikia ni kwamba mpango wa mawasiliano ya dharura kwa kawaida ni orodha ya namba za simu na kundi la WhatsApp. Na pale penye redio, zilinunuliwa, zikapigwa picha siku ya makabidhiano, zikafungiwa stoo. Redio ya namna hiyo siku ya siku haimsaidii mtu.

Mei 2024 ilitupa onyo mara mbili kwa kupishana siku nane. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika maeneo ya Mafia, na mvua zake zikakata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga, wilayani Kilwa. Tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikalegea au kukatika kabisa Tanzania na kwa majirani. Bahati yetu mambo hayo hayakugongana siku moja.

Mnara wa simu si lazima uanguke ndipo ufe. Mara nyingi husimama wima huku hauna uhai. Umeme ukikatika unaishi kwa betri saa chache, kisha kwa jenereta, na jenereta inangoja dizeli ambayo lori lake limekwama ng'ambo ya daraja. Faiba nayo imefukiwa kandokando ya barabara hiyohiyo, au imefungwa ubavuni mwa daraja hilohilo. Kalavati likisombwa, vyote viwili vinakwenda na maji. Hata mnara ukibaki hai, kila mtu akipiga kwa wakati mmoja unazidiwa. Na simu haifi peke yake. Ikifa, pesa za simu hazitoki na tokeni ya LUKU hainunuliki. Kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye begi la mwendeshaji anayejitolea ni fedha taslimu za noti ndogondogo, kabla ya redio yenyewe.

Redio ya ridhaa haina mnara wala kampuni katikati. Kuna mtu huku na redio, betri na waya wake, na mtu kule na vyake. Mfano unaofaa kusomwa na kila kamati ni wa Port Blair, visiwa vya Andaman. Desemba 2004 Bharathi Prasad, mwendeshaji wa India, alikuwa huko na kituo chenye alama ya mwito VU4RBI, kwa shughuli ya kawaida tu ya kuzungumza na waendeshaji wa dunia. Tarehe 26 tsunami ikapiga, ileile iliyoua watu mpaka Somalia na kwenye fukwe za Dar es Salaam. Simu za visiwani zikakatika, naye akageuza kituo chake kuwa kiungo cha visiwa hivyo na bara la India. Antena ilikuwa imeshasimama, masafa yalikuwa yanajulikana, na upande wa pili kulikuwa na watu waliozoea kumsikia. Hayo matatu hayanunuliki siku ya mafuriko.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo fedha za halmashauri zinapopotea.

Kutoka Kilwa Masoko mpaka Dar es Salaam ni takribani kilomita 240 kwa mstari ulionyooka. Redio ya upepo ya mkononi, ile ya wati 5 inayouzwa Kariakoo, haifiki huko hata ukipanda mnazi. Mawimbi yake husafiri karibu sawa na upeo wa macho. Watu wawili waliosimama ufukweni kweupe watasikilizana kilomita 8 mpaka 10. Wakiwa mjini kati ya majengo, kilomita 2 au 3. Ukiweka kituo juu ya kilima chenye mita 100, kitasikia kilomita 40 na zaidi kuzunguka. Redio hizi zinafaa kazi ya ndani ya kata: kambi ya waathirika na zahanati, boti na gati, ghala na lori. Anayeiuzia wilaya redio za mkononi 30 na kuiambia sasa inaweza kuongea na mkoa, anauza hewa.

Kwa umbali wa Kilwa na Dar zinatakiwa redio za masafa mafupi, yaani HF, katika bendi ya mita 40 kuanzia kilohezi 7000 mpaka 7200. Siri yake ni antena iliyolala chini. Wengi hudhani antena ikiwa juu zaidi ni bora zaidi. Ukisimamisha antena ya wima, au ukapandisha waya mita 20, nguvu nyingi itatoka kwa pembe ya chini, iruke juu ya Kilwa na kutua mbali: utasikika Johannesburg, na Kilwa wasikusikie. Waya ukilazwa mita 4 mpaka 7 kutoka ardhini, mawimbi hupanda karibu wima, hugonga tabaka la anga la ioni na kurudi chini kwa kutawanyika duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 300 mpaka 400. Milima haizuii, kwa sababu mawimbi yanatoka juu. Minazi miwili iliyoachana mita 25 inatosha kabisa.

Waya wenyewe hutengenezwa hivi. Gawanya 142.6 kwa masafa ya megahezi, upate urefu wote kwa mita. Kwa 7.110 ni mita 20.06, yaani kila mkono mita 10.03. Usikate hapo. Ukitumia waya wa umeme wa milimita 1.5 wenye ganda la plastiki, na kwa vile utakuwa karibu na ardhi, antena itashuka masafa. Lakini miti na mabati ya jirani nayo yana yao. Kata mita 10.3 kila mkono, pandisha, pima mrejesho wa mawimbi kwa mita ya SWR, kisha punguza kidogokidogo pande zote mbili sawasawa. Sentimita 10 kila upande hupandisha masafa kwa takribani kilohezi 70. Ukifika chini ya 1.5 acha, hata 2 redio nyingi huvumilia. Katikati tumia kipande cha bomba la PVC lililotobolewa, na kebo ya koaksi ikishuka kutoka hapo izungushwe mizunguko 8 hadi 10 yenye upana wa sentimita 15 hivi, ifungwe, ili mawimbi yasitambae juu ya ganda la kebo na kuingia kwenye maikrofoni. Dalili ya kuyasahau hayo ni sauti inayokwaruza na kuunguruma kila unapoongeza nguvu, au kuchomwa mdomo na chuma cha maikrofoni.

Mnazi unayumba. Ukifunga waya umekaza pande zote mbili, upepo wa kwanza wa kusi utaukata. Upande mmoja pitisha kamba kwenye kapi, mwisho wake uning'inize dumu la lita 5 lenye maji. Mti ukiyumba, dumu linapanda na kushuka, waya hauumii. Kamba ya manila ya plastiki huliwa na jua ndani ya miezi. Nailoni hukaa zaidi.

Na waya usipite kamwe juu, chini wala kando ya nyaya za TANESCO. Umbali wa kutoka kwenye laini uwe angalau mara mbili ya urefu wa mlingoti wako, ili hata ukianguka usifike. Radi ikianza kupiga karibu, chomoa koaksi kwenye redio na uitupe nje ya dirisha. Ujumbe utangoja.

Usiku mambo hubadilika. Tabaka la ioni hupungua baada ya jua kuzama, na mita 40 hufika wakati ambapo huisikii Kilwa bali nchi za mbali. Kwetu karibu na ikweta mara nyingi hushikilia mpaka saa za mwanzo za usiku, ingawa sauti hupanda na kushuka kwa fujo kwa saa kadhaa baada ya magharibi. Hapo hamia mita 80, karibu na kilohezi 3760, na antena yake ni ya karibu mita 38. Shida ya mita 80 nchi za joto ni kelele za radi: mvua ikiwa inanyesha mahali popote ndani ya kilomita mia kadhaa, redio inakaanga. Ndiyo maana ujumbe mzito utumwe mchana, na usiku ubaki wa dharura na wa kuhakikisha kila kituo kiko hai. Mpango wa kamati uwe na masafa mawili yaliyoandikwa, la mchana na la usiku, pamoja na saa ya kuhama. Wasipokubaliana mapema, nusu watahama na nusu watabaki, kila upande ukidhani mwingine umezama.

Betri nayo ina hesabu yake. Redio ya HF ya wati 100 hula takribani ampia 1.2 ikisikiliza, na ampia 20 au zaidi kwenye kilele cha sauti ikirusha. Kwa mazungumzo ya kawaida wastani wa kurusha ni kama ampia 10. Tuchukue zamu ya saa 12, moja ya tano ukiwa unarusha: saa 2.4 mara ampia 10 ni 24, saa 9.6 mara 1.2 ni kama 11.5. Jumla ni karibu ampia-saa 36. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji yenye ampia-saa 75 hivi. Ya lithiamu ya aina ya fosfeti inatosha ya 45, na ni nyepesi kubebwa kwenye mtumbwi. Sola ya wati 100 kwenye jua zuri hurudisha kama ampia-saa 25 kwa siku. Siku za kimbunga hakuna jua zuri, kwa hiyo usiitegemee siku mbili za mwanzo.

Kosa linaloua vituo vingi ni waya mwembamba kutoka betri kwenda redioni. Waya wa milimita 2.5 wenye urefu wa mita 3 kwenda na 3 kurudi, ukipitisha ampia 20, unapoteza karibu volti 0.8. Betri iliyochoka kidogo ina volti 12.2, redio inabaki na 11.4, nazo nyingi zimetengenezwa zisishuke chini ya 11.7. Matokeo yake redio inasikiliza vizuri kabisa, lakini ukibonyeza kuongea inajizima. Mwendeshaji atadhani redio imeharibika. Tumia waya wa milimita 6, fyuzi pande zote mbili karibu na betri, na vichwa vya betri visuguliwe vikang'aa. Halafu zima taa za LED na chaja za bei rahisi: nyingi hutoa kelele kwenye HF kuliko radi. Kidhibiti cha sola ni adui mwingine. Ukisikia mlio usioisha ambao unakoma ukikifunika kibao cha sola kwa kanga, umempata.

Kwa redio za VHF, yaani za jamii ya zile za upepo, shida iko kwenye kebo. Koaksi nyembamba ya RG-58, ile inayopatikana kila duka, kwa mita 30 kwenye megahezi 145 inakula zaidi ya theluthi mbili ya nguvu yako. Unarusha wati 50, antenani zinafika kama 14. Ukitumia RG-213 zinafika 27 hivi. Kwenye mita 40 RG-58 haina neno. Maji yakiingia kwenye plagi ya nje, hasara haina kipimo. Zungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, juu yake tepu ya umeme, na kabla kebo haijaingia ndani iache ibembee chini kidogo ili matone yadondokee nje.

Redio za mkononi zina kosa lao, na ni lilelile kila mara. Redio mbili ziko kwenye masafa yaleyale, hazisikilizani. Sababu: moja imewekewa toni ya CTCSS ya kufungulia na nyingine haina, au moja imeachwa na nyongeza ya kilohezi 600 ya kurusha kupitia ripita (kituo cha kupokea na kurusha upya mawimbi) ambayo haipo. Zima toni zote na nyongeza zote, weka masafa ya moja kwa moja, funga vitufe, na ubandike karatasi yenye masafa nyuma ya betri. Wala usiweke masafa ya polisi au ya bahari kwa kuwa tu redio inakubali. Chaneli 16 ya bahari, megahezi 156.800, ni ya vyombo na kituo cha uokoaji. Jahazi likizama, wanaotakiwa kusikia wapo huko. Mwenye redio ya ridhaa akisikia mwito wa hatari baharini, kazi yake ni kuandika mahali na saa, na kufikisha kwa wahusika kwa njia yoyote iliyo hai.

Lakini fundi hodari mwenye antena nzuri bado anaweza kuwa bure kabisa kama hajui kubeba ujumbe. Hapa ndipo tunapotaka vijana watumie muda mwingi kuliko kwenye vifaa.

Ujumbe wa dharura hauzungumzwi, unaandikwa kwanza. Una namba yake, uzito wake (dharura, haraka au kawaida), kituo ulikotoka, idadi ya maneno, mahali, saa na tarehe. Kisha anayepelekewa, maneno yenyewe yasiyozidi 25, na jina na cheo cha aliyeutoa. Cheo ni muhimu: daktari wa wilaya akiomba dawa ni tofauti na mpita njia. Mwili wa ujumbe uwe kama huu: "Familia 62 zimehamia shule ya msingi. Maji safi yanaisha leo 1800. Zinahitajika dawa za maji na vyandarua 130. Barabara haipitiki, boti inafika." Hayo ni maneno 22, namba zikihesabiwa. Anayepokea akihesabu 21, kuna neno limeanguka, na anauliza hapohapo, si kesho yake lori likiwa limeshaondoka bila vyandarua. Usomwe kwa kasi ya mkono unaoandika. Watu wanaojua hutumia kama dakika mbili kwa ujumbe mmoja. Wasiojua hutumia kumi kwa kurudiana "haloo, haloo".

Usibadilishe neno la mwenye ujumbe, hata likiwa na kosa. Hata ukijua anachokusudia.

Kiswahili kina mitego yake hewani. "Sita" na "tisa" ni herufi zilezile, s na t zimebadilishana nafasi tu, na kwenye kelele hazitofautiki. Taja namba mara mbili, kwanza nzima kisha tarakimu mojamoja: mia moja thelathini, moja, tatu, sifuri. Mtego mbaya zaidi ni saa. Mtu wa Kilwa akisema maji yalipanda saa tatu usiku, aliyezoea saa za kizungu anaandika 0300, na taarifa ya mafuriko imesogea saa sita. Kila saa iandikwe kwa tarakimu nne za mfumo wa saa 24, saa za hapa. Wanaozungumza na nchi nyingine waongeze UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Siku nazo zitajwe kwa tarehe, kwa sababu Jumanne na Jumatano hewani ni ndugu. Na majina ya vijiji: Majengo, Mtakuja na Kibaoni viko kila mkoa. Kijiji, kata, wilaya, kila mara.

Mtandao uwe na msimamizi mmoja. Hakuna anayerusha bila kuitwa, isipokuwa mwenye dharura, naye husema "dharura" na alama yake ya mwito, basi, anangoja. Mwanzoni mwa kila saa, dakika tano za kwanza, kila kituo kinasikiliza hata kama betri yake imechoka. Muda mwingine kinaweza kuzima. Vituo vyenye orodha ndefu, kama mahitaji ya zahanati, vitume kwa Winlink, barua pepe inayosafiri kwa HF bila intaneti upande wa aliyeko kwenye maafa. Inahitaji kompyuta ndogo, kiunganishi cha sauti kati yake na redio, na mazoezi. Programu ipakuliwe na kusajiliwa wakati intaneti ipo. Wapo pia wanaotumia setilaiti ya QO-100, iliyo juu ya nyuzi 26 mashariki na inayoonekana Afrika nzima usiku na mchana. Inafanya kazi vizuri kwetu, ila kwa Dar es Salaam sahani inatazama karibu utosini, zaidi ya nyuzi 70 kutoka upeo, hivyo inakusanya maji ya mvua. Toboa tundu la milimita 5 sehemu ya chini kabisa, maji yatoke.

Kuna jambo wajitoleaji wapya hawalipendi. Redio ya ridhaa haina siri. Kanuni za kimataifa haziruhusu kuficha maana ya mazungumzo kati ya waendeshaji wa nchi na nchi, na mtu yeyote mwenye redio ya kusikilizia anakusikia. Kwa hiyo majina ya marehemu hayasomwi hewani. Wala ya wagonjwa na maradhi yao. Ndugu asijue kifo cha mtoto wake kupitia redio ya jirani. Peleka idadi na namba za kumbukumbu. Orodha ya majina iende kwa mkono, kwa boti, na afisa wa serikali. Na usichokiona usikitume kama ulichokiona. "Nimeambiwa na mwenyekiti wa kijiji" ni maneno matano, yanaingia.

Jambo la pili: usijipeleke. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico mwaka 2017, Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liliomba waendeshaji 50 kupitia chama chao, ARRL, na walioenda hatimaye walikuwa 22, wakiwa wamepangiwa vituo. Hawakujitokeza tu uwanja wa ndege na redio begani. Anayefika Rufiji au Kilwa bila kuitwa, bila chakula cha siku tatu, bila lita tatu au nne za maji kwa kila siku, bila chandarua, ameongeza mdomo kwenye kambi. Akifika na antena ndefu kwenye gari bila barua, atakaa kituo cha polisi akieleza yeye ni nani, na askari atakuwa na haki.

Ndipo tunarudi kwa kamati. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa mpaka kijiji. Kwenye orodha ya kamati ya wilaya pawe na mwendeshaji mmoja wa ridhaa mwenye leseni na msaidizi wake, wenye barua ya utambulisho kutoka ofisi ya mkuu wa wilaya iliyofungwa kwa plastiki pamoja na nakala ya leseni. Kama wilaya haina, itafute kijana mmoja wa ufundi na mwalimu mmoja wa fizikia, wafundishwe na wapeleke maombi TCRA. Kwa ndugu zetu wa Mombasa, Tana River na Lamu ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Waulize masharti na ada za mwaka huo kabla ya kununua kifaa chochote, maana kifaa kilichoagizwa bila kibali huishia forodhani.

Jengo la halmashauri litobolewe tundu la kupitishia koaksi sasa hivi, na waya wa antena uwe umeshapandishwa. Kisha kila mwezi, siku ya kazi, lifanyike jaribio kwa sharti moja: mtu aende kwenye meni swichi ya jengo aizime. Si kujifanya umeme umekatika, uzimwe kweli. Hapo ndipo mtagundua kwamba betri ilikuwa inachajiwa na chaja isiyofanya kazi, kwamba taa ya dharura inapiga kelele kwenye mita 40, kwamba anayejua nywila ya kompyuta yuko likizo. Ujumbe tano kwenda, tano kurudi, maneno yahesabiwe, na daftari lisainiwe na katibu wa kamati. Saa moja na nusu inatosha.

Ombi la mwisho ni kwako, Mhariri. Gazeti likichapisha namba za dharura kabla ya masika, liongeze masafa ya dharura yaliyopangwa na shirikisho la kimataifa la waendeshaji, IARU, kwa kanda yetu: kilohezi 3760, 7110, 14300, 18160 na 21360. Kurusha ni kwa wenye leseni. Kusikiliza hakuhitaji zaidi ya redio yenye SSB (mfumo wa kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi) na mita chache za waya zilizorushwa juu ya mti; redio ya kawaida ya SW isiyo na SSB itatoa mgugumo tu. Chini ya kilohezi 10000 iwekwe kwenye LSB, yaani upande wa chini wa wimbi, juu yake USB, upande wa juu. Wanaotaka kujifunza waanze na 7110, asubuhi baada ya saa mbili, na daftari mkononi.

Ni sisi,
Waendeshaji wa redio za ridhaa,
Dar es Salaam